Buzuki ya nyuzi sita, ya nane, au baglama? Kuchagua ala ya Kigiriki bila kubahatisha

Kifurushi kilipofika Tanga nilijua hata kabla ya kukifungua kwamba mambo yamekwenda kombo. Nilikuwa nimeagiza baglama, ala ya Kigiriki ndogo kiasi kwamba mtu huivalia koti juu yake akapita mbele ya polisi bila kuulizwa. Boksi lililoletwa lilinifika kifuani. Nikakata gundi, nikafungua: kweli, baglama. Ila ya Kituruki.

Muuzaji hakuniibia. Jina ni lile lile, picha niliitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na vipimo sikuvisoma. Nilipowasimulia wenzangu walicheka sana, kisha mmojammoja wakaanza kunipigia simu kwa siri. Mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Kijana wa kwaya. Dada mmoja aliyesoma Thessaloniki, Ugiriki, akarudi na hamu. Wote swali lao moja: "Nataka ile ya Kigiriki, ile inayolia kama mvua juu ya mabati. Ninunue ipi?"

Tatizo liko kwenye hilo "ile". Zipo kadhaa, na zinafanana kwenye picha kuliko zinavyofanana mkononi. Niseme mapema kwamba mimi napiga buzuki ya nyuzi sita, niliyouziwa na rafiki yangu baharia aliyeshuka Piraeus, bandari ya Athens, kwa hiyo mizani yangu imeinama kidogo upande huo. Nitajitahidi kuishika sawa.

Majina kwanza, maana ndiyo yaliyonitia hasara

Buzuki ni ala ya shingo ndefu, tumbo lake la duara kama papai lililokatwa katikati, nyuzi za chuma zilizopangwa mbilimbili, nayo hupigwa kwa kipigio kidogo cha plastiki. Kwa urefu inakaribia mita moja. Jina limetoka kwenye neno la Kituruki, bozuk, yaani kilichovunjika au kuharibika, na lilikuwa likitaja namna fulani ya kutyuni nyuzi. Kwa maandishi ya Kigiriki sauti ya B huandikwa kwa herufi mbili, M na P, ndiyo maana ukitafuta mtandaoni utakutana na mpouzouki, bouzouki na buzuki. Ni kitu kimoja. Asije mtu akakuambia mpouzouki ndiyo "original" na bei yake ni nyingine.

Jihadhari zaidi na buzuki ya Kiayalandi. Katika miaka ya 1960 mwanamuziki Johnny Moynihan aliiingiza buzuki ya Kigiriki kwenye muziki wa kienyeji wa Ayalandi. Baadaye mafundi wa huko wakaanza kuitengeneza kwa namna yao, mgongo bapa kama gitaa, na tyuni nyingine, mara nyingi G–D–A–D. Ni ala nzuri sana ya kusindikizia. Lakini ukiinunua ukitarajia sauti ya baa za Piraeus, utakuwa umeagiza pilau ukaletewa makaroni. Ukiona mgongo bapa kwenye picha, muulize muuzaji kabla hujatoa pesa.

Baglama nayo ndiyo hadithi yangu. Ya Kituruki ni kubwa, shingo ndefu, kwa kawaida ina nyuzi saba katika mafungu matatu, na freti zake (vile vizuizi vya shingoni vinavyogawa noti) si vyuma vilivyopigiliwa bali ni uzi wa nailoni uliofungwa kuzunguka shingo, unaoweza kusogezwa. Ya Kigiriki, ambayo kwao huitwa baglamas, ni kitoto cha buzuki: urefu wake wote ni nusu mita hivi. Tofauti yake ni kama ya jahazi na ngalawa, na yeyote aliyezaliwa pwani anajua kwamba huwezi kumwuzia mtu moja kwa jina la nyingine ukalala usingizi.

Sita au nane

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa.

Buzuki ya zamani ina jozi tatu za nyuzi, jumla sita, nayo hutyuniwa D–A–D. Jozi mbili za juu kila moja ina nyuzi mbili za sauti moja. Jozi ya chini ina uzi mnene na uzi mwembamba, mmoja oktava juu ya mwenzake, na hiyo ndiyo siri ya ule mlio unaosikika kama watu wawili wanaimba, baba na mtoto. Ukipiga nyuzi zote sita bila kushika freti yoyote hupati furaha wala huzuni. Unapata uwanja mtupu, D na A tu, ambao juu yake unaweza kuweka chochote.

Huu ndio muziki uliokulia Piraeus. Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki vilivyoisha mwaka 1922 na mabadilishano ya watu yaliyofuata, wakimbizi zaidi ya milioni moja waliingia Ugiriki kutoka Asia Ndogo, wengi wakajazana vitongoji vya bandarini, na nyimbo za Smyrna (Izmir ya leo) zikakutana na nyimbo za vijiwe na magereza. Muziki uliozaliwa hapo unaitwa rebetiko. UNESCO iliuweka kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2017. Baba wa buzuki katika muziki huo ni Markos Vamvakaris, aliyezaliwa kisiwani Syros mwaka 1905, akaja Piraeus kijana mdogo, akabeba makaa ya mawe melini, kisha akafanya kazi machinjioni. Alivyosimulia mwenyewe, siku moja alimsikia mtu akipiga buzuki, akaapa kwamba asipoijua baada ya miezi sita atajikata mkono kwa shoka lile lile la machinjioni. Mkono ulibaki. Mwaka 1934 alikuwa mmoja wa wanne waliojiita kundi la wanne la Piraeus, pamoja na Giorgos Batis, Stratos Pagioumtzis na Anestis Delias.

Msikilize Markos kwa makini na utaona anafanya nini. Wimbo wenyewe anaupiga zaidi kwenye jozi moja ya juu, kidole kinapanda na kushuka shingoni kama mtu anayepanda mnazi, huku nyuzi nyingine zikiachwa wazi zivume. Hakuna kodi nyingi (za muziki, noti kadhaa kwa mpigo, si zile za TRA). Ndiyo maana ukubwa wa shingo hauna uzito kwa mpigaji wa nyuzi sita: anasafiri kwa urefu, hasafiri kwa upana.

Sasa Manolis Chiotis. Huyu alikuwa fundi wa vidole asiye na mfano, mpiga gitaa pia, na katika miaka ya 1950 ndiye aliyeifanya buzuki ya jozi nne ishike soko: nyuzi nane, C–F–A–D. Iangalie hiyo tyuni vizuri kama wewe ni mpiga gitaa. Nyuzi nne nyembamba za gitaa ni D–G–B–E. Shusha zote hatua moja nzima, unapata C–F–A–D. Kwa hiyo kila umbo ulilojifunza kwenye nyuzi hizo nne unalo tayari. Ukishika D ya gitaa, inatoka C. Ukishika G, inatoka F. Bana freti ya pili kwa kapo, kile kibanio cha shingoni, na umerudi nyumbani kabisa. Chiotis aliunganisha buzuki yake na spika, akaingiza mambo (ile dansi ya Kuba) na midundo mingine ya Amerika ya Kilatini, akapiga kwa kasi ambayo wazee wa jozi tatu waliiona ni vurugu. Lakini mwaka 1960, Mikis Theodorakis alipotaka kutia muziki kwenye mashairi ya Yannis Ritsos na kuwaonyesha wasomi kwamba buzuki si ala ya wahuni, aliyemwita apige ni huyo huyo Chiotis.

Leo kwenye kumbi kubwa za Athens, zile ambazo zenyewe zinaitwa "buzukia", nyuzi nane ndiyo inayotawala. Wapenzi wa rebetiko ya zamani wao hushikilia sita kama Wazanzibari wanavyoshikilia taarab asilia. Nimeshuhudia mabishano yao na sikuona mshindi.

Kwa mkono wako, tofauti ni hizi. Ya nyuzi nane inakupa kodi kamili, inakuwezesha kubadili ufunguo wa mwimbaji bila kuhangaika, na vifungu vya kasi unavipata bila kuruka shingo nzima. Gharama yake ni uvumaji: ule uwanja mtupu wa D na A haupo tena, sauti imejaa lakini imekuwa ya adabu. Shingo ni pana zaidi. Nyuzi nane kutyuni ni kazi ya kikombe kizima cha chai, na jozi ikipishana kidogo tu inasikika kama kengele iliyopasuka.

Ya nyuzi sita inakupa uvumaji na inakufundisha kusikiliza. Gharama yake: mazoea yako ya gitaa yanakuwa hasara kwa miezi ya mwanzo. Mpiga gitaa wetu wa bendi alijaribu yangu kwa dakika kumi akanirudishia kwa uso wa mtu aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Yeye nilimshauri nane, bila kusitasita. Ana harusi kila Jumamosi, na wateja wa harusi hawalipi mtu ajifunze upya.

Mjomba, Rasti, na kile kilicho katikati

Mjomba wangu anapiga udi tangu enzi ambazo taarab ilisikilizwa kwenye viti vya kukodi. Nilimpelekea buzuki ya baharia siku ile ile niliyoinunua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hicho nini, gitaa lenye mimba?"

Nilikuwa najua kipande kimoja tu, nikampigia. Akanyanyua kidole kabla sijafika mbali. "Hijazi hiyo," akasema. "Nani kakufundisha Hijazi wewe?"

Hakuna aliyenifundisha Hijazi. Nilifundishwa na video, na aliyefundisha aliita "Hitzaz". Wagiriki hawasemi maqamu, ile mipangilio ya noti ambayo Hijazi na Rasti ni mifano yake, wanasema dromos, yaani njia, barabara. Lakini barabara zenyewe majina yake ni Hitzaz, Rast, Ousak, Sabah, Niavent. Yeyote aliyekaa karibu na vikundi vya taarab vya Zanzibar, Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, atazisikia humo Hijazi, Rasti, Ushaki, Saba na Nahawandi. Na kile kipande cha kuanzia, mpigaji akiwa peke yake anatafuta njia kabla mdundo haujaingia, sisi tunakiita taksimu na wao wanakiita taximi. Bahari moja, bandari tofauti.

Mjomba akaichukua. Akaiegemeza kifuani kama udi, ikateleza, akapandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, ikatulia. (Hiyo ndiyo njia sahihi, na aliijua bila kuambiwa, kwa sababu tumbo la duara halina adabu juu ya paja la mtu yeyote.) Akapiga Rasti. Alipofika noti ya tatu alisimama, akarudia, akasimama tena. Akasukuma uzi pembeni kwa kidole. Akanionyesha nafasi iliyopo baina ya freti mbili.

"Hapa katikati wamenizibia."

Hilo ni jambo kubwa kwa msomaji wa huku kwetu, na maelezo mengi ya wauzaji hayaligusi. Noti ya tatu ya Rasti haikai kwenye freti. Iko baina ya mbili. Vivyo hivyo noti ya pili ya Bayati. Udi hauna freti, kidole kinakwenda kinapotaka. Buzuki ina freti za chuma zilizopigiliwa kwa mpango wa piano, kwa hiyo Rasti ya Kigiriki kwenye buzuki inalia karibu kama skeli ya kawaida ya furaha, na noti ya pili ya Ousak inashuka hadi nusu noti kamili. Hijazi inastahimili vizuri zaidi, ndiyo maana mjomba aliitambua mara moja. Ukitaka kuingiza buzuki kwenye kundi la taarab lenye fidla na udi, nyimbo za Hijazi na Nahawandi mtaelewana. Za Rasti na Bayati mtagombana, na mwenye makosa utakuwa wewe.

Basi kama masikio yako ni ya taarab, unaingia ukijua. Sita au nane hapa hazitofautiani. Zote zimezibwa pale pale. Linalobaki ni kama unapenda ule mlio kiasi cha kuvumilia.

Wadogo wawili

Baglama ya Kigiriki ina jozi tatu, D–A–D kama buzuki ya nyuzi sita, ila oktava moja juu. Uzi wake, kutoka kwenye daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya tumbo) hadi kichwani, ni sentimita 35 hivi, wakati wa buzuki ni kama 67. Nyingi huchongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kikachimbwa ndani kama mtumbwi, kisha kikafunikwa kwa ubao mwembamba. Udogo huo haukuwa wa mapambo. Udikteta wa Metaxas ulioanza Agosti 1936 ulileta ukaguzi wa nyimbo kabla hazijarekodiwa, na polisi walikuwa wakivunja ala za wapigaji wa vijiweni. Buzuki ya mita moja hufichi. Baglama unaiweka chini ya koti, na wafungwa waliitengeneza gerezani kwa chochote walichopata. Giorgos Batis, yule wa kundi la wanne, ndiye anayekumbukwa nayo zaidi.

Kwenye bendi kazi yake ni kupiga mdundo wa juu, mkali na mkavu, nyuma ya buzuki. Peke yake inachosha, niseme ukweli. Vidole vyangu vinene vinagongana freti zikianza kukaribiana. Mtu wa safari, mtu wa basi la usiku, au mtoto wa miaka tisa anayetaka kuanza, itamfaa sana. Na ukishaijua, buzuki ya nyuzi sita umeijua, maana umbo la vidole ni lile lile. Bei nayo kwa kawaida iko chini ya buzuki ya ubora ule ule. Lakini usiinunue ukidhani ni buzuki ya bei nafuu. Ni sauti nyingine.

Tsura, ambayo madukani utaikuta kama tzouras, imekaa katikati: tumbo dogo, shingo inayokaribia ya buzuki, tyuni ya D–A–D ile ile, sauti nyembamba na ya chini zaidi kwa nguvu. Watu hawaitafuti, wanaipita. Mimi ningemshauri yeyote anayeishi nyumba ya kupanga yenye ukuta wa mbao aiangalie mara mbili. Kijana wa kwaya alichukua hiyo. Ana mikono midogo na jirani anayelala mapema.

Kama ulichokisikia hakikuwa buzuki

Watu wengi wanaijua Ugiriki kwa ile filamu ya mwaka 1964, Zorba the Greek, ambamo Anthony Quinn anacheza dansi ufukweni, na muziki wa Theodorakis unaanza taratibu kisha unashika kasi. Ile dansi ilibuniwa kwa ajili ya filamu, na hadithi imewekwa Krete, kisiwa ambacho ala yake si buzuki. Ukienda kijiji cha Krete kwenye harusi utakuta lira na lauto.

Lauto ni ya kusindikiza: tumbo kubwa, jozi nne za chuma, C–G–D–A (Wakrete huishusha zaidi), mkono wa kulia haupumziki usiku kucha. Jina lake ni ndugu wa damu na udi wetu. Waarabu walisema al-ud, kule L ya "al" imebaki imegandamana na neno, kwetu imeanguka. Na neno lenyewe maana yake mti, ndiyo maana sisi tunapiga udi na pia tunajifukiza udi. Jambo la kumvutia mtu wa taarab ni freti za lauto: kwenye shingo ni za kufungwa, zinasogezwa. Ukiwa na subira unaweza kuisogeza moja ikakaa pale mjomba alipozibiwa.

Lira ya Krete (si fedha, na si kinubi cha picha za kale) hupigwa kwa upinde, ikiwa imesimama juu ya goti. Nyuzi tatu, G–D–A. Kidole hakiukandamizi uzi kutoka juu. Ukucha unaugusa ubavuni. Fikiria hilo kwa dakika moja kama wewe ni mpiga fidla: kila ulichofundishwa kuhusu mkono wa kushoto kinageuka. Haina freti, kwa hiyo kila noti ya katikati ipo. Nikos Xylouris wa Anogeia na Kostas Mountakis ni wa kuanza nao kwa kusikiliza. Lakini bila mwalimu wa kukushika kidole sikushauri. Dada wa Thessaloniki alijaribu mwenyewe kwa video, na paka wa nyumba wakahama.

Kwa anayetaka kuona zote kwa mtazamo mmoja:

| Ala | Nyuzi | Tyuni | Itamfaa |
|---|---|---|---|
| Buzuki ya sita | jozi 3 | D–A–D | mpenzi wa rebetiko, mtu wa udi, anayeanza bila mazoea |
| Buzuki ya nane | jozi 4 | C–F–A–D | mpiga gitaa, bendi ya harusi |
| Tsura | jozi 3 | D–A–D | mikono midogo, nyumba ya kupanga |
| Baglama ya Kigiriki | jozi 3 | D–A–D, oktava juu | msafiri, mtoto, bendi yenye buzuki tayari |
| Lauto | jozi 4 | C–G–D–A | msindikizaji, mtu wa maqamu |
| Lira ya Krete | 3 | G–D–A | mwenye mwalimu |

Kabla hujatoa pesa

Omba picha ya mgongo na ya shingo kwa ubavu. Mgongo wa buzuki umeunganishwa kwa vipande vyembamba vya mti vilivyopindwa, kama mbao za ubavu wa mashua, na joto la kontena linaweza kuvifungua. Ufa mdogo baina ya vipande viwili huku kwetu pwani haubaki mdogo. Mapambo ya lulu usiyalipie kwanza. Nimeona ala zinazong'aa kama biharusi zenye freti zinazochana kidole. Kama unaweza kuishika, piga uzi wazi, kisha ubane freti ya kumi na mbili: sauti ziwe moja, oktava tu ndiyo ipishane. Zikitofautiana, daraja limesogea, na daraja la buzuki halikugundishwa. Linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo unaweza kulirudisha mwenyewe kwa subira. Ndiyo maana pia usifungue nyuzi zote kwa mpigo unapozibadilisha. Badili jozi moja, kisha nyingine.

Nyuzi za buzuki dukani hapa hutazipata, na si msiba. Nyuzi za gitaa la umeme zinafanya kazi: namba 10 kwa D nyembamba, namba 13 kwa A, na uzi uliosokotwa kwa D nene. Buzuki nyingi hutaka uzi wenye kitanzi mwishoni, wakati wa gitaa una kipete cha shaba. Kitoe kwa koleo, kitanzi kitabaki. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga. Chumvi ya Tanga haina huruma na chuma, mimi hubadilisha kila baada ya miezi miwili, na za baglama huwahi zaidi. Na kama ala inasafirishwa kwa ndege, mwombe muuzaji alegeze nyuzi, asizitoe, aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya shingo.

Ile baglama ya Kituruki sikuirudisha. Mjomba aliomba aitazame tu. Akahesabu freti za nailoni kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akafika kwenye ile iliyokaa baina ya mbili, akapiga Rasti mpaka noti ya tatu, akanitazama. Hiyo ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Nimekwenda kuichukua mara mbili, na mara zote mbili nimerudi na bakuli la visheti.